Niliiachia Mashine Ushahidi Wangu

Mwaka 2019, mbele ya kamati ya kupiga msasa iliyokaa chini ya turubali mjini Garissa, niliulizwa kama namfahamu kijana aliyesimama karibu nami. Nilikuwa nimemfundisha Kiswahili tangu darasa la nne hadi la nane. Nilijua kwao, nilimjua mama yake, nilijua kwamba anaandika kwa mkono wa kushoto na kwamba karibu kila insha yake ilianza na mvua. Nikajibu: "Nilimfundisha mtoto mwenye jina hilo, lakini siwezi kuthibitisha kwamba ndiye huyu."

Nilikuwa na hakika kwamba ndiye. Naiandika sentensi hiyo hapa kama ilivyotoka kinywani, bila kuipunguza makali, kwa sababu ilimnyima mtu kitambulisho cha nchi yake.

Hakuna mtu aliyenifunga mdomo. Palikuwa na kompyuta mezani, na afisa aliigeuza ili nami nione. Nikaona picha ya mvulana mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Jina lilikuwa la mwanafunzi wangu isipokuwa la babu, ambalo lilikuwa tofauti kidogo. Chini yake kulikuwa na nambari ya kadi ya chakula, jina la kambi, mwezi wa Juni 2011, na kwenye nafasi ya nchi alikotoka pameandikwa Somalia. "Alama za vidole zimelingana, Mwalimu," afisa aliniambia kwa upole. Hakunitisha. Alisubiri tu niseme.

Kwa msomaji asiyeishi upande huu wa Mto Tana, nieleze kidogo. Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 wakati serikali ya Somalia ilipoporomoka. Zilikusudiwa watu 90,000. Kufikia ukame wa 2011 zilikuwa na zaidi ya watu 400,000, na katikati ya mwaka huo wageni zaidi ya elfu moja walikuwa wakiingia kwa siku. Rais Kibaki alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la kitaifa mwezi wa Mei. Mwezi wa Julai Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa kusini mwa Somalia.

Ila mvua haikuwanyima Wasomali wa ng'ambo ya mpaka peke yao. Ng'ombe walikufa Fafi, mbuzi wakafa Lagdera, na barabara ya kwenda Dadaab ilikuwa na mizoga pande zote mbili. Ndani ya kambi kulikuwa na unga, mafuta, maharagwe, zahanati na shule. Nje ya kambi, kwa raia wa Kenya aliyepoteza mifugo yake yote, mara nyingi hakukuwa na kitu. Ukitaka mgao ulihitaji kadi, na ukitaka kadi ulitoa jina na vidole. Basi wakaenda. Mama alifunga watoto kwenye gari la punda au akapanda lori, akapanga foleni, na alipofika mbele akasema ametoka upande wa pili, kwa kuwa hilo ndilo jibu lililofungua ghala. Wengine walisajiliwa miaka mingi kabla ya hapo. Haki na Sheria, shirika lenye makao yake hapa Garissa, limekadiria kwamba walionaswa hivyo ni watu wapatao 40,000.

Watoto hao walikua. Walipofika miaka kumi na minane wakaenda kuomba kitambulisho kama kijana mwingine yeyote wa Kenya, wakaweka vidole, na jibu likarudi kwamba vidole hivyo vimo kwenye daftari la wakimbizi. Hapa mjini watu husema kwa kifupi, "Sistimu imemkataa." Nimeisikia kauli hiyo sokoni, msikitini, hata harusini, na kwa muda mrefu mimi mwenyewe niliisema kama mtu anayesema jua limetua.

Nitasema kwanza kilichonifanya niamini, kisha niseme kilichonifanya niogope, maana vilikuwa viwili na nilivichanganya makusudi.

Niliamini kwamba mashine haiwezi kudanganya. Hilo ndilo nililojiambia nikirudi nyumbani siku ile. Binadamu hupokea hongo, husahau, hupendelea ukoo wake. Mashine haina ukoo. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilisoma riwaya ya Isaac Asimov ya mwaka 1954, The Caves of Steel, ambamo roboti mwenye sura ya mtu, R. Daneel Olivaw, anapeleleza mauaji. Niliipenda sana riwaya ile, na nadhani picha ya mpelelezi asiye na hasira wala woga ilibaki kichwani mwangu. Nilichosahau ni kwamba Asimov hakumwachia Daneel kesi peke yake. Alimpa mwenzake binadamu, Elijah Baley, mtu mwenye wasiwasi na hasira, anayekosea, anayemshuku hata roboti mwenyewe, na ambaye mwishoni ndiye anayefumbua fumbo. Chini ya turubali lile kiti cha Baley kilikuwa changu, nami nilinyamaza.

Baadaye nilimwendea kijana mmoja anayefundisha masomo ya kompyuta katika chuo kimoja hapa mjini, nikamwomba anieleze ile mashine hufanya nini hasa. Alinishika kidole cha shahada akakisogeza karibu na taa. "Tazama hapa, mstari unakoma. Hapa unagawanyika mara mbili." Mashine, alisema, hutafuta sehemu kama hizo, huzigeuza kuwa tarakimu, huzilinganisha na tarakimu nyingine ilizonazo, kisha hutoa alama ya ufanano. Watu ndio huamua alama ikifika wapi ihesabiwe kuwa vidole ni vya mtu mmoja. Basi. Haijui kwamba kidole hicho kina mwenyewe.

Tena akanionyesha jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Mashine ile ilikuwa imeulizwa swali dogo: je, vidole hivi vimewahi kuonekana? Ikajibu ndiyo, na jibu lilikuwa sahihi. Mwanafunzi wangu kweli aliweka vidole kambini mwaka 2011. Lakini neno Somalia halikutoka kwenye kidole. Liliandikwa na karani aliyechoka, mbele ya foleni ndefu, kwa maneno ya mama mwenye njaa. Mashine iliunganisha kidole cha kweli na neno lisilo la kweli, na sisi tulioketi mezani tukayapokea yote mawili kwa uzito mmoja. Fumbo lilikuwa pale pale, na mpelelezi wa kulifumbua hakuwepo, kwa sababu kila aliyekuwepo alidhani mpelelezi ni ile kompyuta.

Siku hizi kuna mjadala mkubwa duniani kama mashine zitakuja kuwa na fahamu, kama zitajijua, kama zitakumbuka kwa namna ya mtu. Sina ujuzi wa kuamua jambo hilo. Ninachojua ni kwamba ile ya mezani haikuwa na fahamu yoyote, nasi tuliiheshimu kama iliyo nayo. Tulisema "imemkumbuka". Haikumkumbuka. Kumkumbuka mtoto yule kungekuwa ni kujua kwamba mwaka ule alikuwa amekonda, kwamba aliporudi shuleni alikuwa na kidonda cha mguu, kwamba alikuwa na kaka aliyefariki. Hayo yalikuwa kichwani mwangu, hatua mbili kutoka pale alipokuwa amesimama.

Sasa woga. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tangu siku hiyo kumdhamini mtu katika mji huu kukawa jambo zito. Ukisema namjua fulani, kisha fulani akaja kushukiwa, nawe utaitwa. Sisi watu wa kaskazini mashariki tulikuwa tumezoea kushukiwa kabla ya hapo. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wasomali wa Kenya wapigwe msasa peke yao, nao waliokubalika wakapewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi watembee nayo pamoja na kitambulisho. Wazee wengi bado wanayo. Wazee hao hao ndio waliokuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki mwaka 2019 wakimwuliza kijana jina la babu wa babu yake. Naujua uzito huo. Lakini mimi si Msomali. Kwetu ni ng'ambo ya mto, Madogo, na hakuna aliyewahi kunidai kadi ya waridi. Ningesema kweli, hatari yangu ingekuwa ndogo kuliko ya yeyote pale. Nilijificha nyuma ya mashine kwa sababu ilinipa njia ya kuogopa nikaonekana mwangalifu.

Nililipata neno la kujitetea pia: uhakika. "Siwezi kuthibitisha." Linasikika kama neno la mtu mwaminifu.

Kilichofuata ndicho kinachonitisha zaidi hadi leo. Kwa kuwa nilikuwa nimesema simjui vizuri, kumbukumbu zangu zikaanza kufuata ulimi wangu. Nikaanza kufikiri kwamba Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya mbali. Nikakumbuka kwamba aliwahi kutoweka shuleni, nikalifanya hilo kuwa dalili. Nikajiuliza kama yule niliyemfundisha alikuwa mtoto mwingine, na huyu akachukua jina lake. Nilikuwa mpelelezi sasa, ila nilipeleleza kwa faida ya jibu ambalo tayari lilikuwa kwenye kioo cha kompyuta. Mwaka ulipokwisha nilikuwa nimekaribia kuamini kwamba nilisema kweli. Mtu akiniuliza kama kumbukumbu inaweza kubadilishwa kutoka nje, nitamwambia ndiyo, na haihitaji waya wala sindano.

Nilizinduliwa na karatasi. Shule ilihamisha stoo, na madaftari ya zamani yalitolewa nje yachambuliwe, mengine yakiwa yameliwa na mchwa hadi kwenye jalada. Nililifungua daftari la mahudhurio la darasa la sita, mwaka 2011. Sisi hutia mstari wa wino wa buluu kwa aliyekuja na sifuri nyekundu kwa asiyekuja. Kwenye jina lake mistari ya buluu inakwenda muhula wote wa kwanza na wiki za mwanzo za muhula wa pili. Kisha zinaanza sifuri nyekundu, sifuri baada ya sifuri, hadi ukurasa unakwisha. Pembeni, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika kwa penseli: "Amekwenda na mama Dadaab. Ukame." Muhula wa tatu mistari ya buluu inarudi.

Nililiandika mwenyewe. Nililijua wakati linatokea. Nilikaa chini juu ya debe la rangi lililokauka, mwanafunzi mmoja akaniuliza kama naumwa.

Kisha nikatafuta daftari la kuandikishia wanafunzi. Yumo, mwaka 2006, darasa la kwanza, na mbele ya jina la baba kuna nambari ya kitambulisho cha Kenya. Rekodi ya kambi inasema aliingia kutoka Somalia Juni 2011. Haiwezekani mtoto aingie nchini mwaka 2011 hali amekuwa akisoma Garissa tangu 2006. Mpelelezi wa kiwango cha chini kabisa angeliona hilo kwa dakika chache. Ila rekodi hizo mbili, ya kambi na ya shule, hazikuwahi kuwekwa meza moja, na mtu pekee aliyejua zipo zote mbili ni mimi.

Alikuwa amepoteza nini kufikia hapo? Alipata nafasi katika chuo cha ufundi Nairobi, nayo ikapita. Mkopo wa masomo hauombwi bila kitambulisho. Laini yake ya simu imesajiliwa kwa jina la mjomba wake, kwa hiyo hata hela zake za kibarua huingia M-Pesa kama hela za mtu mwingine. Hajawahi kupiga kura. Siku za Jumatano hupakia ng'ombe kwenye malori kwenye soko la mifugo, anawaona wanaondoka kwenda Nairobi, yeye mwenyewe haendi, kwa kuwa kuna kizuizi cha polisi darajani na vingine mbele. Ng'ombe wanapita na hati zao. Aliniambia hivyo bila chuki, akieleza tu kazi yake ilivyo.

Nilikwenda kwao na madaftari yote mawili kwenye mfuko wa plastiki. Mama yake alinikaribisha kwa chai ya maziwa. Nilimwambia nililosema mbele ya kamati, neno kwa neno, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba hakulisikia; alikuwa nje na wanawake wengine. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyempeleka. Mbuzi waliisha. Miaka yote hii mwanangu hunitazama kama niliyemuuza, nami hujiambia ni haki yake." Alikuwa amebeba lawama yote, na sehemu kubwa ilikuwa yangu. Kijana mwenyewe alipofika jioni, alilisoma lile neno la penseli pembeni mwa ukurasa, akalisoma tena, akauliza, "Uliandika hapa, Mwalimu, kisha ukasema vile?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa mama au baba yake ni raia. Haisemi popote kwamba uraia huo unapotea mtoto akila unga wa msaada. Mkimbizi kwa sheria ni aliye nje ya nchi yake. Mkenya hawezi kuwa mkimbizi nyumbani kwake Garissa, hata mashine ikiwa na vidole vyake vyote kumi. Jambo hilo lilihitaji kufikishwa mahakamani. Waathiriwa pamoja na Haki na Sheria walifungua kesi, na mwanzoni mwa 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliamua upande wao. Februari mwaka huo huo Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia saini tangazo la kuondoa msasa wa ziada kwa waombaji wa vitambulisho wa kaunti za mpakani. Nilifurahi, na bado nafurahi. Ila tangazo la kuondoa msasa halifuti jina kwenye daftari la wakimbizi. Kufuta ni kazi ya mtu mmoja mmoja, faili moja moja, na kila faili huhitaji ushahidi kwamba mtu huyu alikuwa hapa kabla ya kadi ile.

Ushahidi huo uko wapi? Uko kwenye stoo za shule za msingi za Garissa, Wajir na Mandera, kwenye vitabu vya kliniki vya akina mama wajawazito, kwenye madaftari ya madrasa, na kwenye vichwa vya walimu wanaokaribia kustaafu. Nimewaomba wenzangu wasiyachome madaftari ya zamani. Baadhi walikuwa wameshachoma. Mwalimu mmoja aliniambia kwa uchungu kwamba waliwashia moto wa kupikia chai ya kikao cha wazazi.

Nimeapa kiapo mbele ya wakili, nikaeleza nilivyomfundisha, mwaka na darasa, na nikaeleza kwamba mwaka 2019 nilitoa kauli isiyo ya kweli. Wakili alinionya kwamba maneno hayo ya mwisho yanaweza kuniletea shida. Nikamwomba ayaache yabaki humo. Nakala za kurasa zile mbili zimeambatishwa, pamoja na ile yenye penseli. Maombi ya kijana yako ofisini.

Mdogo wake alikuwa darasa la tatu wakati ule, naye aliweka vidole siku moja na kaka yake. Ni mtu mzima sasa, na hajawahi hata kuomba kitambulisho. Alimwona kaka yake akirudi mikono mitupu, akaona hakuna haja. Nimelitafuta daftari la darasa lake la 2011. Limeliwa na mchwa kuanzia ukurasa wa kati, lakini jina lake lipo, na mistari ya buluu ya Januari hadi Aprili inasomeka. Tumepatana twende pamoja Jumatatu, yeye, mama yake na mimi.